Matairi ya Gari Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Upepo, Saizi na Balansi

Haya ni maswali ambayo wenye magari wa mikoa hii miwili huuliza dukani na kwenye vijiwe vya mafundi pancha. Mengi yanayolaumiwa kwa barabara au kwa "tairi feki" huanzia kwenye upepo, ndiyo maana tunaanza na upepo. Hata kama umekuja kutafuta saizi ya tairi jipya, usiiruke sehemu hiyo.

UPEPO

Gari langu lijazwe upepo kiasi gani?

Hakuna namba moja ya magari yote, na anayejaza 40 kwa kila gari linalofika kijiweni anabahatisha. Fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo ambayo mlango hujifungia. Kuna kibandiko hapo. Kwenye magari machache hubandikwa nyuma ya kifuniko cha tenki la mafuta. Magari yaliyotoka Japan huwa na maandishi ya Kijapani, lakini usitishike: utaona saizi ya tairi, halafu namba kama 220 au 230. Hizo ni kPa (kilopaskali), kizio cha kupimia upepo. Alama 前 ni mbele, 後 ni nyuma. Gawanya kwa 6.9 upate psi, kizio kinachotumika kwenye vipimo vingi vya vijiweni: 210 ni kama 30, 220 ni 32, 230 ni 33, 240 ni 35, 250 ni 36. Kama kipimo cha sheli kinasoma kwa bar, bar 1 ni psi 14.5, kwa hiyo bar 2.3 ni psi 33.

Magari mengi madogo huangukia kati ya 30 na 36. Hiace za abiria na pikapu za mizigo ziko juu zaidi, hasa nyuma, kwa hiyo usichukue namba ya Vitz ukaipeleka kwenye Hiace.

Ubavuni mwa tairi pameandikwa 44 au 51 psi. Si ndicho kipimo chenyewe?

Hapana. Huo ni ukomo ambao tairi haliruhusiwi kuuvuka. Tairi moja linaweza kufungwa kwenye magari matano tofauti, na aliyelitengeneza hajui lako lina uzito gani. Aliyetengeneza gari ndiye anayejua, na ameandika mlangoni. Ukijaza hadi ukomo, tairi linavimba katikati, linakanyaga kwa ukanda mwembamba, ukanda huo unaisha kabla ya mabega (kingo mbili za sehemu ya kukanyagia), breki hazishiki vizuri kwenye lami iliyolowa, na kila shimo unalopiga linafika moja kwa moja kwenye shokapu na bushi.

Kwa nini tunaambiwa tupime asubuhi?

Kwa sababu namba ya mlangoni ni ya tairi lililopoa: gari limesimama kwa muda wa angalau saa 3, au halijatembea zaidi ya kilomita 2 hivi. Tairi likitembea hupata moto, na upepo uliofungiwa ndani hupanda.

Chukua mfano. Umejaza 33 asubuhi Mtwara mjini, joto la hewa nyuzi 27. Umeshika Barabara ya Kilwa, na ukifika Nangurukuru tairi limepanda hadi nyuzi 57 hivi. Kipimo sasa kitasoma karibu 38. Hakuna kilichoharibika, ndivyo inavyotakiwa. Kosa linafanyika hapo: dereva anaona 38, anapunguza hadi 33, anaendelea na safari. Kesho yake tairi likiwa limepoa, limebaki na chini ya 29. Amejipunguzia psi 4 kwa mikono yake, na siku inayofuata tairi hilo litachemka zaidi ya jana.

Kwa hiyo tairi la moto halipunguzwi. Likionekana limepungukiwa hata likiwa na moto, ongeza hadi ifike namba ya mlangoni au psi 4 juu yake, kisha pima upya asubuhi.

Kipimo cha fundi kinasoma 32, cha sheli 36. Nimwamini nani?

Nunua chako. Kipimo cha kijiweni huangushwa, hukanyagwa na hulala kwenye vumbi, na kikipotoka kwa psi 4 hakuna atakayejua. Tafuta kidogo cha mkononi kinachoishia psi 60 hivi. Vile vya malori vinavyofika 150 na zaidi havina usahihi wa kutosha huku chini kwenye 30. Kibonyeze wima juu ya valvu mpaka sauti ya upepo ikatike, soma, rudia mara ya pili. Namba zikitofautiana hukubonyeza sawasawa. Kiweke kwenye droo ya dashibodi, sio kwenye buti chini ya jeki.

Nipime mara ngapi?

Kila baada ya wiki 2, na asubuhi ya kila safari ndefu. Tairi zima hupoteza psi 1 hadi 2 kwa mwezi, hiyo ni kawaida. Likipoteza 3 kwa wiki kuna mahali linavuja.

Kwa magari ya pwani, kuanzia Kilwa, Lindi hadi Mikindani na Mtwara, sababu moja hujirudia: chumvi. Rimu za spoti, ambazo ni za aluminiamu, hutoka unga mweupe pale mdomo wa tairi unapokaa, na za chuma hutoka kutu. Upepo unapenya taratibu, fundi anatafuta msumari na haupo. Paka maji ya sabuni ya unga kuzunguka mdomo wote wa tairi, pande mbili, na kwenye valvu. Mapovu yakitoka kwenye mdomo, tairi livuliwe, rimu isuguliwe kwa brashi ya waya hadi ing'ae, ifutwe, ipakwe gundi ya kuzibia mdomo, ndipo tairi lirudishwe. Kuongeza upepo kila Jumatatu si matengenezo.

Na kofia ya valvu usiiache ipotee. Ndiyo inayozuia mchanga usiingie kwenye moyo wa valvu, na mchanga mmoja tu unatosha kuliacha tairi linavuja polepole.

Barabara ya vumbi ikiwa mbaya, si bora nipunguze upepo gari lilainike?

Kwa gari dogo, usipunguze. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavu kila linapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakozaa moto. Moto ukizidi, mpira unaachana na nyaya za ndani. Hutaona kitu siku hiyo. Utakuja kuona wiki mbili baadaye uko kwenye lami na mwendo mkubwa, ganda lote linachanika na kuondoka. Pia shimo likiwa na ukingo mkali, ubavu unabanwa kati ya jiwe na rimu, nyuzi za ndani zinakatika, na tairi linaota nundu. Tairi lenye nundu ubavuni halizibwi wala halitibiwi. Ni la kutupa, hata kama limenunuliwa jana.

Gari la 4WD lenye tairi za ubavu mrefu linaweza kupungua psi 4 hadi 6 kwenye barabara mbovu, kwa masharti mawili: mwendo usizidi 50, na upepo urudishwe kabla ya kukanyaga lami.

Na mchanga wa kwenda ufukweni Msimbati?

Hapo kupunguza ndiko kunakoleta njia. Gari la 4WD lishushwe hadi psi 18, likikataa, 15. Chini ya 15 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Tairi hutandaa kwa urefu na kuelea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Usikate kona kwa ghafla, usikanyage mafuta kwa pupa, na ukiona magurudumu yanachimba, acha mara moja, rudi nyuma kwenye njia yako mwenyewe. Beba pampu ya kuchomeka kwenye betri. Asiye na pampu asipunguze, kwa sababu kurudi mjini kwa psi 15 ni kuyaua matairi manne kwa siku moja.

Napakia saruji au magunia ya korosho. Upepo ubadilike?

Ndiyo. Kibandiko cha mlangoni mara nyingi huwa na namba ya pili kwa ajili ya gari lililojaa, itumie. Lakini kabla ya upepo, piga hesabu ya uzito, maana tairi lina kikomo ambacho upepo hauwezi kukisogeza.

Tuseme gari dogo lina uzito wa kilo 1,000 likiwa tupu, 600 mbele na 400 nyuma. Matairi yake yameandikwa 82, na 82 maana yake kila moja hubeba kilo 475, yaani 950 kwa yale mawili ya nyuma. Umekunja viti, mmekaa wawili mbele, umepakia mifuko 10 ya saruji ya kilo 50. Saruji yote imeangukia nyuma: 400 na 500, jumla 900. Ongeza sehemu ya uzito wenu ninyi wawili, kama 50. Umefika 950 kamili. Na zile kilo 475 hupatikana tairi likiwa na takriban psi 35 au 36. Ukiwa na 28, ulishapitiliza kabla ya kuondoka kiwandani. Mfuko wa kumi na moja haupandi, upepo uwe wowote.

Kwa anayebeba kila siku wakati wa msimu wa korosho, jibu ni tairi za kazi, zile zenye herufi C au LT kwenye saizi, kama 195R15C. Zina tabaka nyingi zaidi ubavuni na zinaruhusu upepo mkubwa. Mzigo ukishuka, upepo nao ushushwe, maana nyuma tupu yenye upepo wa mzigo inarukaruka na kuteleza kwenye changarawe.

Ninapanda Newala mara kwa mara. Mwinuko wa uwanda unabadilisha upepo?

Kidogo sana. Kupanda zaidi ya mita 700 kunaongeza usomaji kwa psi 1 hivi, na ubaridi wa asubuhi wa kule unaupunguza kwa karibu kiasi hicho hicho. Usihangaike nao.

Naitrojeni ina faida?

Hewa ya kawaida tayari ni asilimia 78 naitrojeni. Kama ni bure, weka. Kwa gari la kawaida, fedha hiyo inunulie kipimo cha upepo.

KUNUNUA

195/65R15 91H inasomwaje?

Hiyo ni saizi ya Noah nyingi. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia: urefu wa ubavu ni 65 kwa 100 ya ule upana, yaani milimita 127. R ni mpangilio wa nyuzi za ndani, na karibu matairi yote ya magari madogo siku hizi ni hayo. 15 ni inchi za rimu. 91 ni uzito: kilo 615 kwa tairi moja. H ni kasi ya juu kabisa, kilomita 210 kwa saa. S ni 180, T ni 190, V ni 240. Hakuna barabara ya kukimbiza 210 huku, lakini herufi hiyo inakueleza tairi linavyovumilia joto, kwa hiyo usishuke chini ya iliyoandikwa kwenye gari lako. Namba ya uzito ndiyo usiiguse kabisa.

Tarehe ya kutengenezwa iko wapi?

Tafuta neno DOT ubavuni na ufuate hadi mwisho, kwenye kiduara chenye namba 4. 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Mara nyingi huandikwa upande mmoja tu, na kama umefungiwa ndani, lala chini ya gari uutazame. Kwa jua la huku, tairi lililofikisha miaka 6 likaguliwe kila mwaka, na lililofikisha 10 litoke hata kama mifereji yake bado mirefu. Mpira huzeeka ukiwa umesimama, na spea ambayo haijawahi kukanyaga chini nayo inahesabiwa miaka.

Dukani, uliza lilivyohifadhiwa. Tairi lililokaa nje mbele ya duka jua zima limekwishaanza kuzeeka kabla hujalilipia.

Gari limefika kutoka Japan na matairi mazuri kabisa. Niyabadilishe ya nini?

Tazama kwanza ubavuni kama kuna neno STUDLESS au alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Hayo mara nyingi ni matairi ya majira ya baridi. Utayatambua pia kwa mikato myembamba kama ya wembe iliyojaa kwenye kila kipande cha mpira. Mpira wake umefanywa mlaini ili ushike kwenye barafu. Kwenye lami ya Lindi saa 8 mchana unakuwa kama ufutio: unaisha haraka, gari linayumba kwenye kona, na breki kwenye lami ya mvua zinachelewa kushika. Muuzaji atakwambia "bado mapya haya, tazama mifereji". Mifereji ni kweli mirefu, lakini si matairi ya nchi ya joto. Yabadilishe mapema uwezavyo, na kabla ya hapo punguza mwendo.

Ninunue ya mtumba au mapya ya bei ndogo?

Mapya ya bei ndogo yenye tarehe ya karibuni, saizi sahihi na namba ya uzito sahihi. Tatizo la mtumba ni kwamba hujui lilitembea na upepo gani. Kama huna namna, lazima ulione likiwa limevuliwa. Ingiza mkono ndani. Ukikuta unga mweusi au mikunjo iliyozunguka ubavu wote kwa ndani, tairi hilo lilitembezwa bila upepo. Usilichukue hata kwa zawadi. Kagua viraka: kimoja katikati si neno, kilicho karibu na bega ni neno. Halafu kagua mifereji kama imechongwa upya. Iliyochongwa ina kingo kali na sakafu yenye alama za kisu, na vile vinundu vidogo vya chini ya mfereji vimekatwa. Matairi ya magari madogo hayachongwi. Mpira unaobaki juu ya nyaya ni mwembamba mno.

Vinundu hivyo vyenyewe ni kipimo. Viko milimita 1.6 kutoka sakafu ya mfereji. Mpira ukilingana navyo tairi limekwisha. Kwa masika yetu, kati ya Desemba na Aprili, usisubiri hadi hapo. Likibaki na milimita 3 lianze kutafutiwa mbadala, maana mifereji ndiyo inayoyasukuma maji pembeni. Maji yakikosa pa kwenda, gari linaelea na usukani unakuwa mwepesi mkononi ghafla. Likikutokea hilo, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu.

Ninakwenda Liwale na vijijini Ruangwa. Nichukue tairi za kashata kubwa (vipande vikubwa vya mpira wa kukanyagia)?

Kama zaidi ya nusu ya safari zako ni vumbi na tope, chukua A/T (za njia zote). Kama ni lami kwa wingi na vumbi kidogo, H/T (za barabara kuu) zinatosha, zinakula mafuta machache na hazipigi kelele. M/T, zile za kashata kubwa zenye nafasi pana, ni za anayeshinda kwenye tope. Kwenye lami iliyolowa hazishiki vizuri. Gari dogo la chini halihitaji lolote kati ya haya. Linahitaji tairi la kawaida lenye ubavu mrefu, sio zile nyembamba za kupendezesha rimu kubwa.

Naweza kuweka saizi tofauti kidogo na ya gari?

Kipenyo kizima kisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 3. 195/65R15 ina kipenyo cha milimita 634.5, 205/60R15 ina 627, pungufu asilimia 1 na kidogo, inakubalika. 195/60R15 ina 615, pungufu zaidi ya asilimia 3, iache. Kwa 4WD ya muda wote, matairi yote manne yalingane saizi, aina na uchakavu, la sivyo gia za kugawa nguvu zinafanya kazi kila sekunde bila kupumzika, na kuzitengeneza ni ghali kuliko matairi.

Nina fedha ya mawili tu. Yafungwe mbele au nyuma?

Nyuma, hata kama gari linavutwa na mbele. Wengi hubisha hapa. Mbele pakiteleza, gari linakwenda moja kwa moja na dereva hupunguza mwendo kwa hisia tu. Nyuma pakiteleza kwenye kona yenye maji, gari linajizungusha, na madereva wachache wanaweza kulirudisha. Funga mapya nyuma, yaliyobaki mazuri yaende mbele.

Fundi anataka kuweka tyubu ndani ya tairi la chubulesi. Sawa?

Kwa kufika nyumbani, sawa. Kwa kuishi nayo, hapana. Tyubu inasuguana na ndani ya tairi, inachemka, na ikipasuka upepo wote unatoka kwa pigo moja. Chubulesi ikitobolewa hupumua taratibu na kukupa nafasi ya kusimama.

KUFUNGA NA KUBALANSI

Balansi na alaimenti si kitu kimoja?

Ni vitu viwili. Balansi inalinganisha uzito wa gurudumu kuzunguka mhimili wake. Alaimenti inanyoosha pembe ambazo magurudumu yanasimamia barabarani. Kukosa balansi kunatetemesha. Kukosa alaimenti kunavuta usukani upande mmoja na kula tairi. Tairi jipya linabalansiwa kila mara; alaimenti inafanywa ukibadilisha matairi, ukibadilisha tairodi au bolijointi, au ukipiga shimo la maana. Na alaimenti kwenye gari lenye bushi zilizokwisha ni fedha ya bure, itapotea kabla hujafika Mingoyo.

Gramu chache tu zinaweza kutetemesha gari zima?

Gurudumu la inchi 15 kwenye mwendo wa 100 linazunguka kama mara 14 kwa sekunde. Gramu 50 zilizozidi kwenye ukingo wa rimu huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 7, na uvutaji huo unageuka juu, chini, mbele, nyuma, mara 14 kila sekunde. Beringi na shokapu zinaupokea wote.

Nitajuaje fundi anabalansi vizuri?

Msimamie. Kwanza rimu isafishwe ndani na nje, na risasi zote za zamani (vile vipande vya uzito vinavyobandikwa kwenye rimu) zitolewe. Gurudumu liwekwe kwenye mashine kwa koni inayojaza tundu la katikati bila kuchezacheza. Likikaa upande, namba zote zitakazotoka ni za uongo. Aingize vipimo vitatu: umbali wa rimu kutoka kwenye mashine, upana na kipenyo. Azungushe, abandike risasi mahali mashine ilipoonyesha, kisha azungushe tena. Hapa ndipo wengi hukatisha. Usiondoke mpaka uone sifuri pande zote mbili. Mashine ikidai zaidi ya gramu 100 upande mmoja kwenye gurudumu dogo, asirundike risasi: upepo utolewe, tairi lizungushwe nusu duara juu ya rimu, lijazwe, lipimwe upya. Likikataa, rimu imepinda au tairi ni bovu. Kwa rimu za spoti, pale panapobandikwa risasi pafutwe kwa spiriti na pakauke, la sivyo zitadondoka mvua ya kwanza.

Valvu ya mpira nayo ibadilishwe pamoja na tairi. Ni ya bei ndogo, na ya zamani hupasuka shingoni.

Usukani unatetemeka kuanzia 80. Nianzie wapi?

Anzia na maji ya kuoshea. Baada ya tope la uwandani, udongo mwekundu hukauka ndani ya rimu upande wa chini na kuvuruga balansi kabisa. Osha ndani ya rimu zote nne, ujaribu tena. Tetemeko likibaki, sikiliza linatokea wapi: usukani ukicheza ni magurudumu ya mbele, kiti kikitetemeka ni ya nyuma. Tetemeko likija unapokanyaga breki tu, hilo ni la diski za breki. Likiwepo hata kwenye mwendo wa 40, tafuta rimu iliyopinda au nundu kwenye tairi, na usiendelee na safari hadi ulione.

Sehemu uliyopo ikikosa mashine, hamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma. Tetemeko likihama nayo, umelipata.

Tairi linakula vibaya. Linaeleza nini?

Mabega yote mawili yakiisha kabla ya katikati, umeendesha na upepo mdogo. Katikati ikiisha kwanza, upepo umezidi. Upande mmoja tu, wa ndani au wa nje, ni alaimenti. Pitisha kiganja kwa upana wa tairi: kikiteleza ukienda na kukwaruza ukirudi, magurudumu yamefungwa yakitazamana ndani au nje kupita kiasi. Mabonde mabonde kuzunguka tairi ni shokapu zilizochoka, mara nyingine balansi.

Kuyabadilishana nafasi kila kilomita 8,000 hadi 10,000 husaidia. Gari linalovutwa na mbele: ya mbele yaende nyuma upande ule ule, ya nyuma yaje mbele kwa kupishana. Yenye mshale ubavuni hayavuki upande.

PANCHA, SPEA NA NATI

Kamba au kiraka cha ndani?

Kamba inayochomekwa kwa nje ni ya kukufikisha. Ya kudumu ni kiraka cha ndani chenye mguu kama uyoga: mguu unaziba tundu, kichwa kinafunika ndani. Sharti lake ni tairi livuliwe, na faida kubwa iko hapo, kwa sababu fundi anaona kama ndani kuna ule unga mweusi. Tundu lisizidi milimita 6 na liwe sehemu ya kukanyagia. Begani na ubavuni hapazibwi, hata fundi aape.

Ile spea nyembamba inajazwa ngapi?

Spea iliyoandikwa T mwanzoni, kama T125/70D15, inajazwa psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida. Nyingi ukizikuta zina 20. Kasi isizidi 80, na ni ya kufika kwa fundi pancha tu. Tairi la mbele likipata pancha kwenye gari linalovutwa na mbele, hamisha zima la nyuma lije mbele, spea ikae nyuma.

Nati zikazwe kiasi gani?

Toyota nyingi ndogo zinataka 103 Nm, nguvu ya kama kilo 35 kwenye mpini wa sentimita 30. Kaza kwa kupishana, ukiruka nati ya jirani, kidogo kwanza gurudumu likiwa hewani, kisha malizia likiwa chini. Usisimame juu ya spana. Bolti huvutika na rimu hupinda. Nati za rimu za chuma na za spoti mara nyingi hazifanani pale zinapokalia rimu, usizichanganye. Baada ya kilomita 50 hadi 100 simama, ukaze tena: ukitoka Mtwara, Mingoyo inafaa.

Matairi yaliyokwisha niyaweke wapi?

Yasilale wazi nyuma ya nyumba. Maji ya mvua yanayotuama ndani ni mazalia ya mbu, wakiwemo wanaoeneza homa ya dengi. Yatoboe matundu kadhaa chini maji yapite, au yafukie nusu kwenye mchanga kama kingo ya bustani. Na usiyachome moto, moshi wake una sumu.